Swali la Kazimoto na Majibu ya Kikristo

Katika maandishi ya Kiswahili hoja za dini ni nyingi, lakini hoja juu ya kukosa dini ni haba. Mtu akitaka kujua jinsi Mkristo alivyojibizana na Mwislamu, hatakosa tenzi, vitabu na vijitabu vya kumtosha. Akitaka kujua Mkristo humjibu nini mtu asemaye kwamba Mungu hayuko, atapekua makabati mengi kabla ya kupata ukurasa mmoja wenye uzito. Zamani upungufu huu haukuonekana, kwa kuwa aliyeuliza hivyo alikuwa nadra, au alinyamaza. Leo mambo ni mengine. Katika viunga vya Arusha na chini ya Mlima Meru peke yake zimo nyumba kadhaa za elimu ya juu: Chuo cha Uhasibu kule Njiro, Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia kule Tengeru, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira na Chuo Kikuu cha Arusha kule Usa River. Kijana huingia humo amebatizwa, amepata kipaimara na ameimba katika kwaya. Naye huweza kutoka na swali ambalo kwaya haikumfundisha kulijibu. Yafaa basi kuuliza amewekewa majibu gani, na yapi kati ya hayo yanastahili kuitwa majibu.

Mizani ya kupimia imo katika Biblia yenyewe, nayo ni Kitabu cha Ayubu. Rafiki watatu wa Ayubu wanamtetea Mungu kwa maneno yaliyopangwa vizuri, wala hakuna hata mmoja wao asemaye jambo ambalo mcha Mungu wa kawaida asingelikubali. Ayubu, kwa upande wake, analalamika, anashitaki, anadai apewe kesi. Lakini mwisho wa kitabu hasira ya Mungu inawashukia wale waliomtetea, na aliyemlalamikia ndiye anayehesabiwa kuwa amesema yaliyo sawa. Hukumu hiyo ni nzito kwa kila mwandishi wa utetezi wa dini. Yaonyesha kwamba jibu laweza kuwa sahihi kwa maneno na likawa uongo kwa sababu halikumsikiliza aliyeuliza.

Sababu ya uhaba uliotajwa ni ya kihistoria. Utetezi wa Ukristo kwa lugha ya Kiswahili ulizaliwa pwani, mbele ya Uislamu. Mwaka 1923 Godfrey Dale wa misheni ya Universities' Mission to Central Africa alitoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili pamoja na maelezo ya kuipinga. Kazi ile ilihitaji elimu na subira nyingi. Lakini ilikuwa mabishano kati ya watu wawili ambao wote walikubali kwamba Mungu yuko, na kwamba amesema. Kilichobishaniwa ni wapi amesema, na kwa kinywa cha nani. Hata washairi Wakristo waliokuja baadaye, kama Mathias Mnyampala aliyezitia Zaburi na Injili katika utenzi katika miaka ya 1960, walimwandikia msomaji ambaye imani yake haikuwa na shaka. Walimpa uzuri wa lugha. Hawakuwa na haja ya kumpa sababu.

Lugha nayo inabeba alama ya historia hiyo. Kafiri ni mtu wa imani nyingine. Mpagani ni mtu ambaye dini haijamfikia. Wala jina moja wala la pili halimfai kijana aliyekuwamo ndani, akatafuta, asione kitu. Likaundwa jina mkana Mungu, nalo ndilo lenye kutumika. Lakini kukana ni nini? Mtu hukana deni analodaiwa, hukana mtoto aliyemzaa, hukana maneno aliyoyatamka jana. Kitenzi hicho kinadhani kwamba mkanaji anaujua ukweli naye anaukataa kwa ukaidi. Zaburi ya 14 humwita mtu wa namna hiyo mpumbavu, na wahubiri wengi huishia hapo. Yumkini wapo wakana Mungu wa aina hiyo. Lakini asiyeona hawi sawa na afumbaye macho, na lugha isiyotenganisha wawili hao humhukumu mtu kabla hajafungua kinywa.

Wanazuoni wa Kiafrika walijaribu njia nyingine. John Mbiti, kasisi Mwanglikana kutoka Kenya, katika kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika kilichotoka mwaka 1969, alionyesha kwa mifano mingi kwamba katika jamii za jadi dini haikutengwa na maisha, na kwamba mtoto hakufundishwa kuwa Mungu yuko kwa vile hapakuwa na aliyeuliza. Mwaka uliofuata Okot p'Bitek wa Uganda alimpinga yeye na wenzake kwa ukali. Alisema wamewavika miungu wa Kiafrika mavazi ya Kiyunani ili wafanane na Mungu wa wamisionari. Mabishano hayo yana faida kwa historia ya dini, lakini hayamsaidii sana mwenye shaka. Kumwambia kijana kwamba babu zake hawakuwa na shaka si kumwondolea shaka yake. Ni kumwondoa yeye katika ukoo wa babu zake. Zamani alikuwa peke yake mbele ya Mungu, sasa yuko peke yake mbele ya watu wake pia.

Kijana huyo alipata sauti kwa mara ya kwanza katika riwaya. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichwamaji. Mwandishi huyu, mzaliwa wa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe mwaka 1944, alisoma katika seminari ya Nyegezi, Mwanza, kisha akahitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970. Mlimani pale palikuwa na moto wakati huo. Walter Rodney alikuwa akifundisha, na wanafunzi wafuasi wa Marx walikuwa na chama chao na jarida lao la Cheche, ambavyo vilifungwa mwaka huo wa 1970. Msomaji angetazamia kwamba mkana Mungu wa kwanza mwenye uzito katika riwaya ya Kiswahili angekuwa mwanamapinduzi. Sivyo. Kazimoto, msomi wa chuo kikuu ambaye ndiye shujaa wa Kichwamaji, hana itikadi ya kumfariji. Mfuasi wa Marx akimwondoa Mungu huiweka historia mahali pake, naye hutumaini. Kazimoto akiondoa hapati cha kuweka.

Mambo yanayompata si mageni kwa mtu yeyote aishiye Afrika Mashariki. Manase, kijana wa kwao mwenye cheo serikalini, anampa mimba Rukia, ndugu yake Kazimoto wa kike, na Rukia anaangamia. Kazimoto anataka kisasi. Hata hivyo anamwoa Sabina, dada yake Manase. Anayaona maradhi ya uasherati wa wasomi yakiwaangukia watoto ambao hawajatenda lolote. Mtoto wake mwenyewe anazaliwa na kichwa kikubwa kilichojaa maji, wala haishi. Kazimoto anajiua. Jina la riwaya ni jina la ugonjwa, na pia ni jina ambalo Waswahili humwita mtu asiyesikia la mwadhini wala la mteka maji. Kwa neno moja Kezilahabi ameukusanya uchungu wa kizazi chake: vichwa vikubwa kwa elimu, na ndani yake mna kitu kisichoweza kumshikilia mtu asizame.

Wahakiki wengi wameilinganisha riwaya hii na maandishi ya Albert Camus, aliyesema kwamba swali la kwanza la falsafa ni kama maisha yafaa kuishiwa au hayafai. Ulinganisho huo ni halali, lakini ukizidishwa unaficha jambo moja. Camus alijibu kwamba mtu aendelee kuishi na kuasi. Kazimoto haendelei. Sababu yaweza kuonekana katika malezi ya mwandishi: aliyefunzwa seminari amefunzwa kwamba kila jambo lina maana, na mtu aliyezoea chakula hicho huona njaa kali zaidi kuliko yule asiyekionja kamwe. Shaka ya Kazimoto ni shaka ya mtu aliyeahidiwa. Ndiyo maana ni kosa kuisoma riwaya hii kama kitabu cha kupinga dini. Ni malalamiko ya Ayubu ambayo sura zake za mwisho hazikuandikwa. Katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) Kezilahabi aliendelea kuutafuta ukweli kwa njia ya mafumbo, naye alifariki mwaka 2020 bila ya kuzirudisha sura hizo kwa maneno mepesi.

Sasa na yapimwe majibu, na mahali pa kuyapimia pawe Arusha, kwa kuwa hapo maswali matatu yanakutana: la elimu ya viumbe, la historia, na la mateso.

Jibu la kwanza ndilo linalotangulia kumfikia mwanafunzi, nalo hutoka nje. Ni hoja ya saa, aliyoieneza Mwingereza William Paley mwaka 1802: ukiokota saa njiani hutasema imejitengeneza, basi vipi ulimwengu? Hoja hiyo ina mvuto, lakini katika Mkoa wa Arusha haiwezi kusemwa kwa wepesi. Katika mkoa huo huo liko bonde la Olduvai, ambako Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959. Huko huko, Laetoli, wenzake na yeye walizifukua katika miaka ya 1970 nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkeno, miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita. Mwanafunzi wa Tengeru haambiwi habari hizi na maadui wa dini. Anafundishwa na nchi yake mwenyewe, na wageni hupita mjini kwake kwenda kuzitazama. Mhubiri akimwambia achague kati ya nyayo hizo na Injili, amemtega. Agostino, askofu wa Hippo, aliliona jambo hili zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Katika ufafanuzi wake wa kitabu cha Mwanzo aliwaonya Wakristo wasinene upuuzi juu ya nchi na nyota wakidai ndiyo Maandiko, kwa kuwa asiyeamini akiwasikia wamekosea katika yale ayajuayo, hatawaamini katika yale asiyoyajua. Onyo hilo, litokalo Afrika, ni jibu bora kuliko saa ya Paley. Lakini hata likipokewa, linaondoa kikwazo tu. Kazimoto hakujiua kwa sababu ya mafuvu.

Jibu la pili linahusu historia, na hapa Mlima Meru wenyewe unashuhudia. Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, muda mfupi baada ya kupiga hema zao. Jeshi la Wajerumani likaja kulipiza kwa kuua watu na kuteka mifugo. Boma la Arusha likajengwa karibu na mwaka 1900 kwa kazi ya shuruti ya wenyeji, na baada yake wamisionari walirudi na kupokewa. Ardhi nzuri ikagawiwa walowezi. Mwaka 1951, chini ya Waingereza, Wameru wapatao 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki na nyumba zao zikachomwa moto ili mahali pale pawe mashamba ya ng'ombe ya Wazungu. Na Kirilo Japhet akaenda New York mwaka 1952 kuusimamisha ulimwengu usikilize. Mwanafunzi akiyasoma haya huuliza: je, Mungu aliyeletwa kwa njia iliyofunguliwa na bunduki ni Mungu kweli, au ni jina jingine la bunduki?

Jibu lenye nguvu kuliko yote kwa swali hilo halikutolewa na mwanatheolojia. Julius Nyerere, Mkatoliki ambaye Azimio lake la mwaka 1967 lilichukua jina la mji wa Arusha na halikumtaka mtu amwamini Mungu wala amkane, alizungumza na masista wa Maryknoll huko New York mwezi wa Oktoba 1970. Alikataa kumwazia Mungu aliye maskini, mjinga na mwenye hofu. Na kama binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, basi hali inayomdhalilisha binadamu ni matusi kwa Mungu huyo. Akaonya kwamba kanisa lisiposhiriki kuiondoa hali hiyo watu wataliona kuwa halina maana kwao. Uzuri wa jibu hili ni kwamba halimwambii mwenye shaka ajirekebishe. Linaliambia kanisa lijirekebishe. Kwa mizani ya Ayubu limefaulu, maana limekiri kwamba lawama ina haki. Hata hivyo lina mpaka wake. Umaskini waweza kuondolewa kwa siasa njema. Kifo cha mtoto mchanga hakiondolewi kwa siasa. Kazimoto ana elimu na nafasi ya kuishi vizuri, naye ndiye anayekufa.

Jibu la tatu limo katika kitabu cha Vincent Donovan, padri Mmarekani wa shirika la Roho Mtakatifu aliyefanya kazi Loliondo katika jimbo Katoliki la Arusha. Mwaka 1966 alimwandikia askofu wake kwamba misheni yenye shule na zahanati haijawaeleza Wamasai habari za Mungu, na akaomba ruhusa ya kwenda maboma yao kuzungumza nao jambo hilo tu. Kitabu chake, Christianity Rediscovered, kilitoka mwaka 1978. Humo anasimulia jinsi yeye mwenyewe, padri, alivyokuwa amekaa na mzee wa Kimasai akimweleza uchungu wa kuamini na kutoamini. Mzee hakumpa hoja ya kuthibitisha kwamba Mungu yuko. Alianza kwa kusahihisha msamiati wake. Neno alilolitumia padri kwa kuamini, alisema mzee, lina maana ya kukubali tu. Ni kama mwindaji wa Kizungu apigaye mnyama kwa bunduki toka mbali, ambaye macho na vidole vyake tu ndivyo vifanyavyo kazi. Kuamini kweli ni kama simba awindapo, kwa pua, masikio, miguu na mwili wote, hata akamkumbatia mnyama na kumfanya sehemu ya nafsi yake. Kisha akageuza mfano: wao hawakumtafuta padri, padri ndiye aliyewafuata hata porini, na vivyo hivyo, mtu hudhani kwamba yeye ndiye simba, kumbe simba ni Mungu.

Hapana budi kuyatazama mambo mawili katika simulizi hii. La kwanza ni nani anauliza na nani anajibu. Desturi ya vitabu vya utetezi ni kwamba padri anajua na mwenyeji hajui. Hapa mwenye shaka ni padri, na mwenye jibu ni mtu ambaye wanazuoni wangemweka katika hesabu ya wapagani. La pili ni kwamba jibu linahamisha mahali pa swali. Saa ya Paley humfanya mtu hakimu na Mungu mshitakiwa anayetafutiwa ushahidi. Mzee anasema kwamba katika jambo hili anayetafuta ndiye anayetafutwa. Anayelia kwamba hamwoni Mungu huenda analia kwa sababu pumzi ya simba imekwisha kumfikia shingoni. Kwa msomaji wa Kichwamaji hili si fumbo tupu. Ile njaa ya Kazimoto ya kutaka maana, njaa isiyokubali kudanganywa hata na Camus, imetoka wapi ikiwa hakuna chakula kilichoumbiwa njaa hiyo?

Lakini mhakiki asipitishwe na uzuri wa mfano. Mwenye shaka aweza kujibu kwamba simba hajamfikia yeye. Amengoja, na nyika iko kimya. Aweza kujibu tena kwa ukali zaidi, kwamba simba akimfikia mnyama humuua, na kwamba mtoto wa Kazimoto alikumbatiwa kwa namna hiyo. Hoja hii haina jibu katika maneno ya mzee, wala Donovan hakudai kuwa lipo. Zaidi ya hayo, sauti ya mzee imetufikia kwa kupitia kalamu ya padri, kutoka Kimasai kwenda Kiingereza, bila jina lake. Haijulikani ni kiasi gani cha simba huyo ni wa nyika na kiasi gani ni wa seminari. Kasoro hizo hazilitangui jibu. Zinalirudisha mahali pake: ni ushuhuda wa mtu aliyekaa na mwenzake katika shaka, wala si dawa ya kunywesha kila mgonjwa.

Nalo ndilo jambo ambalo Kazimoto hakulipata. Katika riwaya nzima wako watu wengi wa kumwonya, kumcheka na kumhukumu, lakini hakuna wa kukaa naye. Ayubu alikuwa na heri kwa jambo moja: kabla rafiki zake hawajaanza kuhubiri, walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila ya kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Hiyo ndiyo kazi njema pekee waliyoifanya katika kitabu kizima. Walipofungua vinywa waliiharibu. Mtu asiyeamini hauawi na hoja iliyokosekana. Huuawa na upweke ambao hoja zilizotangulizwa huuongeza.

Kutokana na haya mambo mawili yanafuata kwa walimu na wanafunzi. Kwanza, Kichwamaji isomwe katika vyuo vya elimu ya dini kwa uzito ule ule inaosomwa katika idara za Kiswahili, maana mchungaji ambaye hakumsikiliza Kazimoto kitabuni hatamtambua akija ofisini. Pili, mazungumzo yenyewe yarudishwe katika Kiswahili. Makumira imekuwa ikiwafunza wachungaji tangu mwaka 1954, nayo ilikuwa na jarida lake la theolojia ya Kiafrika tangu miaka ya 1960, lakini kwa Kiingereza. Mbiti na Okot waligombana kwa Kiingereza. Simba wa Loliondo amefungiwa katika Kiingereza. Swali la Kazimoto peke yake limeandikwa katika lugha ambayo mwanafunzi hulilia usiku, na aliyeuliza kwa Kiswahili ana haki ya kukaliwa na kujibiwa kwa Kiswahili.